Mjumbe Hauawi: Kwa Nini Amani ya Ufilipino Inakwama Kila Mara

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nipo nje hapa Utrecht, mkisikia upepo kwenye maikrofoni mnivumilie. Najua wengi mnasubiri video ya vibali vya kazi, itakuja. Leo nina jambo linanikereketa, na linauhusu mji huu ninaoishi.

Kule Ufilipino kuna vita vya msituni vilivyodumu zaidi ya miaka 50. Serikali kwa upande mmoja, wakomunisti kwa upande mwingine. Na wale wanaozungumza kwa niaba ya waasi, ofisi yao iko hapa hapa Utrecht. Unaweza kuishi hapa miaka na miaka, ukapishana nao sokoni, usijue.

Chama chao kilianzishwa Desemba 1968 na mwalimu wa chuo kikuu, Jose Maria Sison. Machi 1969 likazaliwa jeshi lake, ambalo dunia inalijua kwa herufi NPA. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu zaidi ya 40,000 wamekufa tangu hapo. Hebu fikirieni, mtu aliyezaliwa vita vilipoanza, leo ana wajukuu.

Wanapigania nini? Ardhi, ndugu zangu. Ardhi kwanza kabisa. Nendeni Negros, kisiwa cha miwa: mashamba makubwa ya familia chache, na watu wanaokata miwa vizazi na vizazi bila kumiliki hata kipande. Luis Jalandoni, aliyeongoza ujumbe wa waasi kwa miaka mingi, alitoka huko huko Negros, kwenye familia ya wenye ardhi, tena alikuwa padri wa Kikatoliki. Alianza kwa kuwatetea wakata miwa, akaishia kwenye mapinduzi.

Sasa angalieni mwaka 1986. Dikteta Ferdinand Marcos, Marcos mkubwa, ameangushwa, Corazon Aquino ameingia madarakani kama rais, Sison katolewa gerezani, na Desemba wakakubaliana kusitisha mapigano kwa siku 60. Nchi nzima ikashusha pumzi. Lakini Januari 22, 1987, wakulima wakaandamana kuelekea ikulu kudai ardhi. Walipofika daraja la Mendiola, askari wakafyatua risasi. Wakafa watu 13. Mazungumzo yakafa nao. Na rais mwenyewe, jamani, familia aliyozaliwa ndiyo iliyokuwa na shamba la miwa la Hacienda Luisita, hekta zaidi ya 6,000. Aliyetakiwa kugawa ardhi alikuwa binti wa wenye ardhi. Naona hapo ndipo nafasi bora kuliko zote ilipopotea.

Baada ya hapo wakakutana The Hague, Septemba 1992, wakati wa Rais Ramos. Wakaandika mambo manne ya kuzungumza, na mpangilio wake ndio muhimu: haki za binadamu kwanza, kisha uchumi na ardhi, kisha siasa na katiba, na mwisho kabisa silaha. Kila serikali iliyofuata ilitamani silaha zitangulie, na kila mara waasi walijibu kwamba wakishaweka bunduki chini, nani tena atawasikiliza kuhusu ardhi? Mimi nawaelewa. Historia yao yote inawafundisha hivyo.

Lakini hilo la mpangilio lina dawa. Nepal walilipatia dawa mwaka 2006. Wamao, yaani waasi wa kikomunisti wa kule, waliweka bunduki zao ndani ya makontena, Umoja wa Mataifa ukasimamia, na funguo wakabaki nazo wao wenyewe. Hawakusalimu amri, na bunduki hazikuwa mikononi tena. Miaka miwili baadaye kiongozi wao akawa waziri mkuu.

Kinachonikereketa mimi ni jambo jingine. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi. Muasi anayetoka mafichoni kuja mezani anaonyesha sura yake. Anapigwa picha, anapeana mikono na mawaziri. Mazungumzo yakivunjika, kila mtu anamjua. Ndiyo maana mwaka 1995 pande hizi mbili zilitia saini mkataba wa kinga: wajumbe na washauri wa mazungumzo wasikamatwe, wasifuatiliwe, wasidhuriwe. Waliokuwa bado mafichoni wakapewa vitambulisho vyenye majina ya bandia, na picha zao halisi zikawekwa kwenye disketi zisizosomeka bila funguo maalumu za siri, zikafungiwa kwenye sanduku la benki hapa Uholanzi.

Mwaka 2007 polisi wa Uholanzi wakavamia ofisi na nyumba zao hapa Utrecht, wakamkamata Sison, wakabeba kompyuta na vifaa. Sison aliachiwa baada ya wiki chache, ushahidi haukutosha. Mwaka 2011 pande zote zikaenda benki kule Haarlem kufungua zile disketi, kuhakiki nani ana kinga. Hazikufunguka! Waasi wakasema funguo za kuzisomea zilikuwa kwenye vitu vilivyochukuliwa na polisi. Serikali ikasema basi, mkataba huu haufanyi kazi tena. Maisha ya watu yalikuwa yamening'inia kwenye disketi.

Akaja Rais Duterte mwaka 2016, mwanafunzi wa zamani wa Sison. Matumaini yakapanda kuliko wakati wowote. Akawatoa gerezani wafungwa, wakiwemo Benito Tiamzon na mkewe Wilma, viongozi wa juu wa chama, wakaketi mezani Oslo, maana Norwe ndio wapatanishi. Pande zote zikasitisha mapigano, na wakaanza kugusa suala lenyewe la kugawa ardhi bure kwa wakulima. Februari 2017 NPA wakatangulia kuvunja usitishaji wao, wakidai wafungwa hawajaachiwa na wanajeshi bado wamejaa vijijini. Novemba, shambulio lao Bukidnon likaua mtoto wa miezi minne. Duterte akafunga mlango, akawatangaza magaidi.

Hapo sasa ndipo walioonyesha sura zao walipoanza kufa. Randy Malayao, mshauri wa mazungumzo, alipigwa risasi Januari 2019 akiwa amelala ndani ya basi. Randall Echanis, aliyeshughulikia hasa suala la ardhi, akauawa nyumbani alipokuwa akiishi, Agosti 2020. Wale Tiamzon walikuwa wamerudi mafichoni, wakafa Agosti 2022 Samar. Jeshi linasema boti yao ililipuka kwenye mapambano. Chama kinasema walikamatwa, wakateswa, ndipo wakauawa.

Siwatetei NPA. Juni 2021 bomu lao la kutegwa kule Masbate liliwaua binamu wawili waliokuwa wakiendesha baiskeli, mmoja kijana mchezaji mpira. Wakakiri, wakaomba radhi. Radhi haimrudishi mtoto kwa mama yake. Lakini huyo mama ndiye anayehitaji meza hii kuliko mtu yeyote, na mezani hatakuja mtu ikiwa wenzake waliotangulia kuja wameishia kaburini.

Novemba 2023 pande mbili zilitoa tamko la pamoja Oslo, kwamba zinataka kumaliza vita kwa amani. Jalandoni alisaini, mzee wa miaka 88. Wiki hiyo hiyo Rais Marcos mdogo, mwana wa yule dikteta, akatangaza msamaha kwa waasi. Mimi nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Kisha kimya. Sison alikuwa ameshafariki hapa Utrecht Desemba 2022, na Jalandoni naye akafariki hapa Juni 2025. Waliokuwepo The Hague mwaka 1992 wanakwisha, na wanaobaki bado wamebandikwa jina la magaidi, wakirudi Manila wanaweza kukamatwa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo mkisikia kwenye taarifa ya habari kwamba Ufilipino wanarudi mezani, msiangalie picha za kupeana mikono. Ulizeni kama mkataba wa 1995 umerudishwa, na kama majina yao yameondolewa kwenye orodha ya magaidi. Serikali ya Manila inaweza kufanya hayo yote mawili bila kusubiri bunduki hata moja iwekwe chini.

Ndugu zangu Warundi mnaonitazama, mliofuatilia mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha, niambieni ninyi mnalionaje. Video ijayo, vibali vya kazi.