Gari inakula tairi upande mmoja: soma tairi kwanza ndo ukimbilie alaimenti

Haya jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni huku mbele maana leo hamna projekta wala slaidi, leo kuna tairi tu, moja hii hapa mezani na mbili zile pale chini, na nataka kila mtu azishike kabla hajaondoka, mikono itachafuka kidogo lakini sabuni ipo.

Naanza na jambo litakalowaudhi mafundi (nawaona mmekaa pamoja pale, msinune). Mtu tairi yake ikianza kuliwa upande, kila anayemuuliza anamwambia peleka alaimenti, yani ikapimwe na kunyooshwa pembe za tairi kwa mashine. Jirani, shemeji, muuza tairi, wote neno moja. Bas anapeleka, analipa, anapewa karatasi ya vipimo ina kijani kila mahali, yani pembe zote ziko sawa, anarudi nyumbani roho nyeupe, halafu tairi mpya zinaliwa tena palepale zilipoliwa za zamani na anaanza kusema mashine ya yule fundi mbovu. Mara nyingi mashine haina tatizo lolote. Gari ilipimwa imesimama, na huku chini vyuma vimelegea, kwaiyo ikishaingia barabarani, ukigusa breki au ukipita kwenye shimo, zile namba za kwenye karatasi hazipo tena. Kwahiyo mpangilio wangu mimi uko hivi: unasoma tairi, unakagua vyuma, mashine inakuja mwisho. Wengi wanaanza na mashine na wanaishia na mashine.

Tuanze na hii ya mezani. Kaka njoo, weka kiganja hapa juu ya meno, pitisha kutoka ukingo wa nje kuja upande wa ndani wa gari. Laini eeh? Sasa rudisha, kutoka ndani kwenda nje. Umeona inavyokukwaruza, kama umepitisha mkono kwenye msumeno. Ukiiangalia kwa macho unasema tairi nzima hii, ila mkono haudanganyiki. Hii ni too. Ukiitazama gari kutoka juu, pua za tairi za mbele zinatakiwa ziwe karibu zimenyooka kabisa, zikiingia ndani sana au zikitoka nje sana basi kila tairi inataka kwenda njia yake wakati gari inailazimisha iende mbele, na mpira unaburuzwa kwa ubavu muda wote. Ikikwaruza ukienda nje kama hii, pua zimeingia ndani sana, na bega la nje ndo litaisha mapema. Ikikwaruza ukija ndani, pua zimetoka nje, na bega la ndani linaumia.

Na msidharau kosa dogo. Chukua hesabu ya shule tu, tangenti. Tairi iliyopinda nusu digrii kutoka kwenye mwelekeo inakokwenda gari, katika kila kilomita moja inakuwa imeburuzwa kwa ubavu karibu mita 9. Digrii nzima ni mita 17 na kitu. Nusu digrii huioni kwa macho hata uchuchumae mbele ya gari asubuhi mpaka jioni, lakini piga hizo mita 9 mara kilomita zote unazotembea kwa mwezi, alafu ndo utaelewa mpira umeenda wapi. Kati ya pembe zote za alaimenti hii too ndo mlaji mkubwa, na bahati nzuri ndo rahisi kurekebisha, unalegeza nati ya tairodi (chuma kinachounganisha stelingi na tairi) unaizungusha. Ila izungushwe pande zote mbili kwa kulingana, fundi akizungusha upande mmoja tu utaondoka na gari inayoenda mbele huku stelingi imekaa upande.

Hebu nipe ile ya pili pale chini. Asante. Hii bega la ndani limeisha mpaka waya, ona, na huku nje meno yapo ya kutosha kabisa. Pitisha mkono, hakuna kukwaruza, imeliwa laini imeteremka tu. Hii ni kemba, yani tairi imelala, juu yake imeingia ndani ya gari kwaiyo uzito unabebwa na bega la ndani. Hii ndo inayonitisha kuliko zote kwasababu mwenye gari haioni. Anazunguka gari kila asubuhi anaona tairi nzuri, kumbe huku ndani ni kipara na waya, siku ya mvua au siku ya spidi ndo anajua. Mkitoka hapa kateni stelingi mpaka mwisho, muangalie upande wa ndani wa tairi za mbele, za nyuma inabidi uiname na tochi ya simu, ndio utachafua suruali.

Kemba inatoka wapi? Springi zimechoka gari imeshuka, au mtu ameishusha mwenyewe kwa urembo (sisemi kitu), au imekula shimo na ukingo wa barabara mpaka shokapu au chuma kinachoshika tairi kikapinda, au bushi (mipira ya kwenye maungio ya vyuma) zimekufa, au nyuma inabebeshwa mzigo kila siku. Na hapa kuna siri ambayo haisemwi sana kaunta: gari nyingi ndogo zenye shokapu za makferson (zile shokapu na springi zimeshikana kitu kimoja) hazikuwekewa sehemu ya kurekebisha kemba ya mbele kutoka kiwandani. Fundi anaipima, anaona nyekundu, anarekebisha too tu, anakupa karatasi. Kwaiyo uliza mapema, kwa gari yangu kemba inarekebishika au mnaipima tu? Zipo boliti maalumu za kusogeza kidogo, lakini kama chuma kimepinda dawa ni kubadilisha chuma, boliti inaficha tu.

Kasta, yani mlalo wa ule mhimili ambao tairi ya mbele inageukia, ukiutazama kutoka ubavuni mwa gari, naipitia juujuu, yenyewe kwa kawaida haili tairi, kazi yake ni kufanya gari itulie na stelingi irudi yenyewe baada ya kona. Ikitofautiana kushoto na kulia gari inavuta, na inavutia upande ambao kasta yake ni ndogo.

Ya tatu ina mabonde. Bonde, mlima, bonde, mlima kuzunguka tairi nzima, na ikitembea inalia wuu wuu wuu mpaka mtu anabadilisha beringi nzima bure. Hapa usipeleke alaimenti kabisa, angalia shokapu, angalia balansi (uzito wa tairi uwe sawa kuzunguka rimu), alafu ndo hizo beringi. Tairi inaruka badala ya kukanyaga. Na zile zinazoliwa mabega yote mawili, upepo mdogo. Katikati peke yake, upepo mwingi. Pima upepo tairi ikiwa ya baridi, bas, hiyo nimemaliza.

Sasa vyuma. Gari juu kwenye jeki NA stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata dakika moja. Shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, ni beringi au boljointi (kile kiungo cha mviringo kinachoiacha tairi igeuke na kupanda kushuka). Mwambie mwenzio akanyage breki utikise tena, mchezo ukipotea shuku beringi, ukibaki shuku boljointi. Alafu shika kushoto na kulia, ikicheza hapo ni tairodi endi au ndani ya stelingi boksi. Bushi zinataka mtaimbo na jicho, unasukuma kidogo unaangalia mpira kama umepasuka au umeachana na chuma. Ukikuta hata kimoja kimechoka, simama hapo. Usilipe alaimenti. Tengeneza kwanza, kwasababu ukibadilisha tairodi au shokapu kesho, alaimenti ya leo imekufa na utalipa tena.

Eeh dada, uliza. ... Anasema gari yake imetoka alaimenti na karatasi kijani tupu lakini bado inavuta kushoto. Swali zuri hili. Kwanza ile kijani ni nafasi inayokubalika, kutoka namba hii mpaka ile, sio namba moja. Kushoto inaweza kuwa mwanzo wa nafasi na kulia ikawa mwisho wake, zote kijani, gari inavuta. Angalia tofauti ya pande mbili. Pili, badilishana tairi za mbele, ya kushoto ipeleke kulia (kama sio zile zenye mshale wa mwelekeo). Ikihamia kuvuta kulia basi mwizi ni tairi yenyewe, kuna tairi zinatoka au zinachakaa vibaya zikawa zinavuta. Tatu, breki inayobana upande mmoja, tembea kidogo kisha sogeza mkono karibu na rimu bila kugusa, inayochoma ndo hiyo. Na barabara zenyewe zina mwinamo wa kumwaga maji pembeni, kuvuta kidogo sana kuelekea kingo ni kawaida.

Mzee anauliza balansi na alaimenti. Gari ikitetemeka ukishika spidi ni balansi, ile ya risasi kwenye rimu. Ikivuta au ikila upande ni pembe. Ni kazi mbili tofauti na mashine mbili tofauti.

Ukiwa mbele ya mashine, omba ipime tairi za nyuma pia na irekebishe nyuma kwanza kama inarekebishika, maana za nyuma ndo zinaamua gari inaelekea wapi, mbele inafuatisha. Upepo uwe sawa, buti iwe tupu kama kawaida yako, stelingi ifungwe imenyooka. Karatasi ya kabla na ya baada, zote mbili, ukipewa ya baada tu hujui kilichofanyika. Gari za siku hizi zenye kamera kwenye kioo cha mbele na sensa ya stelingi zinaweza kuhitaji kuwekwa sawa upya kwenye kompyuta, uliza hilo nalo.

Swali la mwisho, utajuaje imekubali? Tairi iliyokwisha liwa haitapona, mpira haurudi, na kelele itaendelea, kwaiyo usiihukumu alaimenti kwa sauti. Chukua kipimo cha kina cha meno, pima ndani, katikati na nje, andika. Tairi mpya ya gari ndogo huwa na milimita 8 hivi na nchi nyingi mwisho wa kisheria ni 1.6, lakini pima palipoliwa zaidi, sio palipo pazuri. Ukifika kilomita 2,000 hivi pima tena sehemu zilezile. Zikishuka sawasawa endelea, na hamisha tairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 mpaka 10,000. Ikishuka ndani peke yake, rudi kwa fundi na namba zako mkononi wakati tairi bado ina uhai.