Wafuasi Wengi, Orodha Tupu

Ndugu zangu, nitaanzia pale ninapoanzia siku zote, kwa sababu bado halijasikika. Shirika lenu lina watu wangapi mnaoweza kuwafikia leo jioni bila kuitegemea Facebook? Siulizi wafuasi. Nauliza majina yenye namba ya simu au barua pepe, ambayo wenyewe wameridhia muyatumie.

Ukurasa wenye wafuasi elfu kumi ukiposti, posti haiendi kwa hao elfu kumi. Mtandao ndio unaochagua nani aione, na anayetaka ifike mbali zaidi anaambiwa alipie tangazo. Mnajenga kwenye kiwanja cha mtu. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilipofungwa Aprili 2019, kurasa zilifutwa pamoja na wafuasi wake wote. Akaunti ikidukuliwa, hasara ni ile ile.

Najua kuna atakayenijibu: mbona changamoto ya ndoo ya barafu ya 2014, ile ya kujimwagia maji ya barafu mbele ya kamera na kuwataja wengine wafanye hivyo au wachange, ilifanikiwa mitandaoni? Ilifanikiwa kweli. ALS Association ya Marekani, shirika la wenye ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, ilipata takriban dola milioni 115. Lakini walioisukuma hadi ikaenea ni wagonjwa wenyewe, akina Pat Quinn na Pete Frates, na jamaa zao. Haikupangwa na idara ya mawasiliano. Aliyetajwa alipewa saa 24, akapewa jambo moja la kufanya, na aliyemtaja ni mtu anayemjua. Hayo matatu igeni. Kukaa mwaka mzima mkingoja bahati ya namna ile, acheni!

Sasa orodha. Kila posti iwe na linki moja, si tano, iende kwenye fomu yenye jina, simu au barua pepe, na kisanduku cha ridhaa. Kisanduku kisiwe kimewekewa alama tayari. Msiulize kazi wala tarehe ya kuzaliwa. Kila swali la ziada linawafukuza watu. Fomu ijaribuni kwenye simu, tena yenye intaneti ya kusuasua, maana kwenye kompyuta ya ofisini kila kitu hufunguka vizuri. Mkikusanya namba kwa karatasi mkutanoni, chora visanduku, tarakimu moja kila kisanduku, na mziingize kwenye jedwali siku hiyo hiyo, wakati bado kuna anayekumbuka ile ni 1 au 7. Jedwali liwe na safu ya alikotoka mtu, tarehe ya ridhaa, mchango wa mwisho na ujumbe wa mwisho aliotumiwa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma. Mtu anachanga Jumatatu, hasikii neno, kisha baada ya miezi mitatu anatumiwa ombi jingine. Halafu tunalalamika kwamba watu hawachangi! Shukrani iende ndani ya siku moja, chini yake kuwe na jina la mtu, wala si "Uongozi": "Mchango wako umeingia, asante sana. Wiki ijayo fundi anaanza kuezeka darasa la pili. Nitakutumia picha likikamilika." Isiombe chochote. Na picha hiyo itumwe kweli, kabla ya ombi lolote jipya. Kama kuezeka kumechelewa, mwambieni kumechelewa na kwa nini.

WhatsApp: orodha ya matangazo (broadcast list), ambapo ujumbe mmoja unamwendea kila mtu peke yake, inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yenu. Wengi hutuma na kushangaa kimya. Basi jambo la kwanza kumwomba mtu ni aihifadhi namba. Kikundi ni kitu kingine: humo kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Kwa wagonjwa au waliokimbia ukatili nyumbani, hiyo ni hatari, msithubutu.

Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160. Mkiweka emoji moja tu, nafasi inashuka hadi 70; ukizidi hapo, ujumbe unakatwa vipande na mnalipia kila kipande.

Barua pepe: tangu Februari 2024, anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli, atoe njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Msiwafungie watu mlango wa kutokea. Anayekosa pa kujiondoa atabonyeza "taka", na hapo barua zenu zitaanza kupotea hata kwa wanaozitaka.

Matangazo ya kulipia na video fupi sitayafikia, muda umekwisha. Lakini picha za watoto siwezi kuziruka: ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, msitaje jina kamili wala shule, na taarifa ya mahali iondolewe kwenye faili kabla ya kuposti. Mwenye orodha yake kwenye simu aje mbele sasa, tulifungue jedwali lake.