Husuni Kubwa: jumba lililopimwa kwa urefu wa boriti

Ndugu wasikilizaji, anayefika Husuni Kubwa, mashariki mwa mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, hustaajabia kwanza ukubwa wake: vyumba zaidi ya mia moja juu ya genge la bahari. Leo naomba mtazame upana wa vyumba hivyo. Ni vyembamba, na sababu yake ni mti.

Jumba hili ni la mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipitia Kilwa, kwa hiyo mali haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa dari. Boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi huanza kupinda, maana inabeba mzigo mkubwa: juu yake hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa vinavyoshindiliwa mpaka vishikane. Sultani aliyetaka nafasi zaidi hakupanua chumba, aliongeza kingine nyuma yake. Pale walipotaka kuepuka boriti walijenga kuba na matao, kazi ya fundi hodari kwelikweli.

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Miimo ya milango, vidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu) na nakshi vilichongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa kuwa huwa laini na hukauka likawa gumu. Chokaa nayo ni matumbawe: hupangwa juu ya tanuu la magogo, huchomwa, kisha humwagiwa maji na kuachwa muda mrefu ipoe. Fundi mwenye haraka hupata lipu inayopasuka.

Upande wa kaskazini, juu ya genge, ndiko kwenye makazi, birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyoelekea vilikuwa maghala. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloeleza jumba lote: mfalme aliishi juu ya biashara yake. Hata hivyo halikukamilika, wala halikukaliwa muda mrefu.

Kuporomoka kwake kulianzia juu. Ufa ukipita kwenye sakafu ya paa, maji hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, navyo ndivyo huoza kwanza. Dari ikishaanguka, mvua huingia ukutani kutoka juu na kuisomba chokaa, halafu mizizi hupenya. Ndiyo maana ukarabati huanza kwa kufunika vichwa vya kuta, na kwa chokaa, si saruji. Saruji huziba unyevu ndani, chumvi hukosa pa kutokea, na uso wa jiwe hubanduka wakati kiraka chenyewe kingali kizima.