Ukienda Chennai Usiende Hekaluni Saa Sita Mchana

Haya, asalaam aleikum, bwana asifiwe, shikamooni wakubwa. Mambo ya viza, ripoti za daktari na kubadilisha hela kashayasema aliyenitangulia na kayasema vizuri, mimi siyagusi. Nimepewa nusu saa niongelee kutembelea mahekalu ya Kihindu pale Chennai, kusini mwa India, na kandokando yake, maana wengi mnaokwenda kule mnakwenda kuuguza, na anayeuguza ana masaa mengi sana ya kukaa kwenye kiti cha plastiki akitazama lifti inavyopanda na kushuka. Watu wanakaa wiki sita, wanarudi, unamuuliza Chennai ikoje, anakwambia kuna baridi sana. Baridi! Chennai! Kumbe anaongelea ac ya wodini.

Sasa wanaonijua wanajua nitakachosema, naona mzee pale nyuma kashaanza kucheka, cheka tu baba lakini nitakisema. Msiende hekaluni saa sita mchana. Basi. Kwa mahekalu yenye ibada kule kusini hilo ndo la kwanza na karibu ndo la mwisho, na kila mwaka nawaambia watu na kila mwaka narushiwa picha ya mtu kasimama mbele ya geti limefungwa, jasho mpaka kwenye soksi, chini kaandika "tumefika hekaluni". Umefika getini ndugu yangu. Hekaluni hujafika.

Na ninawaelewa, kwa sababu hata mimi nilianza hivyohivyo. Mwaka 2011, mwezi wa tano, nilikuwa na kaka yangu mkubwa, moyo. Asubuhi madaktari wanapita, mchana mgonjwa kalala, nikasema huu ndo muda wangu. Nikachukua bajaji, wao wanaita auto, mpaka mtaa wa Mylapore kwenye hekalu la Kapaleeshwarar, ambalo ni la mungu wao Shiva na ndilo maarufu kuliko yote mjini pale. Nafika saa sita kasorobo. Pembeni ya geti kuna kibanda cha viatu, nikavua ndala zangu, nikapewa tokeni ya bati yenye namba, nikaingia kwa mbwembwe. Nikatazama ule mnara wa langoni, gopuramu, mita 37 hivi, umejengwa 1906, una masanamu ya rangi kuanzia chini mpaka juu yaani hakuna pa kuweka kidole, nikazunguka kidogo, nikaanza kusikia mlinzi anapiga makofi kama anafukuza kuku. Tukatolewa. Geti likafungwa. Nikageuka kufuata ndala zangu, kibanda nacho kimefungwa! Mwenyewe kaenda kula na kulala, anarudi saa kumi.

Jamani, Chennai mwezi wa tano joto linavuka nyuzi 40. Lami inanata. Mimi nimeshika tokeni, miguu peku, nachezacheza pale kama mtu anayekanyaga makaa, kutoka kivuli mpaka kivuli, na kila kivuli kina mwenyewe. Akanionea huruma mama mmoja muuza maua, akanirushia gunia nikalie chini ya turubai lake. Hajui Kiingereza, mimi sijui Kitamil. Nikakaa pale masaa manne.

Na hayo masaa manne ndiyo yaliyonifundisha Chennai kuliko safari zote zilizofuata. Yule mama alikuwa anasuka asumini, uzi kashika kwa kidole gumba cha mguu, vidole vya mkono vinakwenda huwezi hata kuvifuata, vikonyo viwiwili, fundo, vikonyo viwiwili, fundo. Anapokuja mteja hapimi kwa futi wala kwa mizani. Anaweka uzi wa maua kwenye kiwiko, anavuta mpaka ncha ya kidole, huo ni mkono mmoja, wanauita mulam, bei ni kwa mkono. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu Pangani alikuwa anapima hivyohivyo kila kitu, ukindu, kamba, mpaka kitambaa cha duka alikuwa hakiamini mpaka akipime kwa mkono wake. Na wateja nao wana akili, mwenye mkono mfupi wanamkwepa, wanakwenda kwa jirani yake mwenye mkono mrefu!

Saa tisa na nusu mtaa ukaanza kuamka. Mtu anamwaga maji mbele ya geti, nazi na ndizi zinapangwa kwenye vikapu. Saa kumi geti likafunguliwa, na kibanda cha viatu kikafunguliwa, ila sasa nikajiuliza nimeshaungua miguu kiasi hiki naondokaje bila kuona. Nikaingia tena. Aisee ni hekalu jingine kabisa. Kuna wanafunzi na mabegi yao wanapita kumsalimia mungu kabla ya kwenda nyumbani, kuna wazee wamekaa ukumbini wanapiga soga, kuna mtoto anafundishwa kutembea kwenye ua wa mawe, watu wanazunguka kwa kulia, kulia, kulia, halafu ghafla nadaswaram ikapulizwa, hiyo ni ndugu yake zumari letu ila ni ndefu karibu mita nzima, na ngoma, na kengele, pazia likavutwa. Sikuona ndani, wala si mahali pangu kuona ndani, lakini niliona nyuso za waliokuwa wanaona.

Ndo maana nasema, na mniache nilirefushe hili. Kwa Kitamil hekalu ni koyil. Ko ni mfalme au mungu, il ni nyumba. Nyumba ya mfalme. Mwenyewe anaishi mle. Alfajiri anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, anapewa chakula, mchana anapumzika ndo maana wanafunga, jioni anapokea wageni tena, na usiku kwenye mahekalu makubwa ya Shiva anabebwa kwenye machela, si ya hospitali, machela ya kifalme, kupelekwa chumbani kwa mkewe na muziki wa kubembeleza. Sasa wewe unakwenda kwa mtu saa sita mchana, amekula, amelala, unagonga, halafu unakasirika hajafungua? Kwa mama mkwe wako unaweza?

Saa zenyewe ni hizi, andikeni. Mengi yanafunguliwa kuanzia saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, yanafungwa saa sita au sita na kitu, yanafunguliwa saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku hivi. Saa za kule msizichanganye na za huku, wao wako mbele yetu masaa mawili na nusu. Ile nusu imeshawapotezea watu apointimenti, achilia mbali mahekalu.

Sasa najua kuna mtu hapa moyoni anasema huyu mzee anatupeleka kwenye masanamu. Mimi ni Muislamu, naswali, na nikiwa kule naswali mtaa wa Triplicane kwenye msikiti wa Wallajah wa mwaka 1795, ambao Ramadhani futari yake inapikwa na kuhudumiwa na Wahindu, tena Wasindhi, wenye asili ya Sindh kule Pakistan, miaka na miaka sasa, nendeni mkaone wenyewe mtu anakupakulia uji halafu anakupa mkono. Kwenda kutazama nyumba ya mtu siyo kuhamia. Akikuletea majivu ya kupaka kwenye paji la uso na hutaki, weka mkono kifuani, tabasamu, hakuna atakayekulazimisha. Akikupa prasadam, yaani chakula cha hekaluni, wali wa ukwaju au wali wa dengu wanaouita pongal, kwenye jani, ule usile ni wewe na shehe wako au mchungaji wako, mimi siyo mufti msinipigie simu usiku.

Na kuna upande wa pili, wale wanaolalamika mbona wametuzuia kuingia ndani. Ndani kwenye chumba cha mungu asiye Mhindu haingii, kuna kibao kimeandikwa, na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras, ndo jina la zamani la Chennai, kwenye kesi ya hekalu la Palani iliamua asiye Mhindu asivuke mlingoti wa bendera. Kuna watakaokuruhusu kwa kuwa hawajali, kuna watakaokukatalia. Ukikataliwa rudi nyuma kwa adabu, ua na kumbi za nje zinatosha siku nzima. Hata Makka siyo kila mtu anaingia na hatujasikia mkigombana. Simu nayo, Desemba 2022 mahakama hiyohiyo iliagiza zipigwe marufuku ndani ya mahekalu ya Tamil Nadu, jimbo lenyewe la Chennai, kwa hiyo selfi yako ipige barabarani mnara ukiwa nyuma yako, inatosha.

Narudi Mylapore kidogo, samahani, jina lenyewe limetokana na mayil, tausi. Wanasimulia kwamba Parvati, mke wa Shiva, alilaaniwa akawa tausi, akamwabudu mumewe chini ya mti mpaka akarudi kuwa mwanamke. Mti wenyewe wanauita punnai. Nilipouona nikasema huu mbona naujua, ni mtondoo! Mtondoo wa kwetu pwani, huohuo. Na hekalu hilo halikuwa pale lilipo leo, lilikuwa karibu na bahari, likavunjwa na Wareno karne ya 16, ndo likajengwa hapa. Wareno walewale, jamani, waliopiga Kilwa na kuchoma Mombasa 1505. Ukitembea kwa mguu robo saa hivi unafika kanisa la San Thome ambalo linasemekana lina kaburi la mtume Thomas, na penyewe hapo Wareno walijenga. Kwa hiyo Mkristo asiniambie hana pa kwenda.

Muda, muda, nimeoneshwa karatasi. Naharakisha.

Mtaa wa Thiruvanmiyur, hekalu la Marundeeswarar. Hili nalisema kwa ajili yenu hasa. Marundu ni dawa, huyu ni Shiva bwana wa dawa, wanasema hapo ndipo alipomfundisha Agastya, mzee wa hekima wa zamani, elimu ya mitishamba. Nenda jioni utaona watu na bahasha za eksirei mkononi, wametoka kwa daktari wanapita hapo kabla ya kurudi nyumbani. Siyo uganga, msianze. Ni watu wanaouguza kama nyie. Mimi nilikaa ukutani pale siku moja kabla ya operesheni ya kaka, pembeni yangu baba mmoja na bahasha yake, tukatazamana, tukatingishiana vichwa. Haya, tuendelee.

Triplicane palepale karibu na msikiti kuna Parthasarathy, la mungu Vishnu, karne ya 8, yuko pale kwa umbo la Krishna kama dereva wa gari la vita na ana masharubu! Ukiona picha yake dukani nje utanielewa.

Mji wa Kanchipuram ni kilomita 75 hivi kutoka Chennai, treni ipo, basi lipo. Hapa ndo watu wanaponikosea. Unakuta dalali wa gesti anakuuzia gari la siku moja, Kanchipuram mahekalu matano, halafu Mahabalipuram, halafu duka la sari za hariri, ambalo ndilo safari yenyewe, komisheni yake iko pale. Mahekalu matano kabla ya saa sita! Unakimbizwa kama mbuzi wa Iddi. Chagua moja, mawili. Ekambareswarar ina mnara wa mita 59 wa mwaka 1509. Varadharaja Perumal ina sanamu ya mungu iliyochongwa kwa mti wa mkuyu, imezamishwa ndani ya bwawa, inatolewa mara moja kila miaka 40. Ilitolewa 1979, ikatolewa 2019 kwa siku 48, mimi nilikuwa Chennai na jirani yangu wa figo, barabara ilifurika watu mpaka nikaghairi, na ninajuta, kwa sababu nyingine ni 2059 na hesabu zangu nimeshazipiga.

Mahabalipuram, kilomita kama 60 kusini, ufukweni. Hekalu la pwani pale siyo la ibada tena, linatunzwa na idara ya mambo ya kale, kwa hiyo HAPO ndo mnaweza kwenda mchana kama mnataka kuungua kwa hiari yenu. Mgeni analipa rupia 600, Mhindi 40, msigombane na mtu wa tiketi, hata Ngorongoro yetu inafanya hivyo. Ni mawe ya karne ya 8, chumvi imeyalamba mpaka sura za simba zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ile tsunami ya Desemba 2004, ambayo ilitufikia mpaka Dar, ilipovuta maji ilifichua michongo mingine iliyokuwa imefukiwa na mchanga.

Hekalu la Tirupati sina muda nalo. Ni mkoa mwingine, ni foleni ya masaa na masaa, ananyolewa nywele anayetaka, asiye Mhindu anasaini fomu, na mgonjwa wako umemwachia nani? Tukirudi Dar tutaongea.

Mama pale anauliza avae nini. Dera na mtandio mama, hivyo ulivyo, utawapendeza. Viatu ndo swali. Vaa ndala za bei rahisi, na ukimkabidhi yule wa kibanda muulize kabla hujavua, unafunga saa ngapi. Kwa vidole tu, atakuelewa. Mengine nifuateni pale kwenye chai, Kailasanathar, hekalu jingine la Kanchipuram, sijaigusa kabisa na ndiyo ninayoipenda.