Kipepeo wa Ua Moja

Ndugu wasikilizaji, kipepeo ninayetaka tumzungumzie leo wataalamu wanamwita Cupido minimus. Kati ya vipepeo wanaozaliana Uingereza, huyu ndiye mdogo kuliko wote. Akikunjua mabawa hazidi sana sentimita 2. Yumo katika jamii ya vipepeo wa buluu, lakini ukimtafuta kwa rangi hiyo utampita. Jike ni kahawia. Dume ni kahawia iliyokoza, na karibu na kiwiliwili kuna vumbi la buluu ambalo hulioni mpaka jua limpige.

Uzazi wake umefungwa kwenye mmea mmoja, Anthyllis vulneraria, wa jamii ya kunde, wenye vichwa vya maua ya manjano. Jike hupenyeza yai katikati ya vijiua, kisha huburuta tumbo lake juu ya kichwa hicho akiacha harufu. Majike wengine wakiinusa wanajua pana mwenyewe. Hunistaajabisha kila nikilifikiria jambo hili, maana sababu yake ni nzito: viwavi wa kipepeo huyu hulana. Mbegu za kichwa kimoja haziwatoshi wengi, na mdogo akikutana na mkubwa huliwa.

Kiangazi kikielekea ukingoni, kiwavi aliyeshiba hushuka chini akajificha kwenye nyufa za udongo. Hukaa huko miezi mingi, baridi yote ipite, ndipo awe pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, na mwezi Mei au Juni aruke.

Sasa, mmea wenyewe hauwezi kushindana na nyasi ndefu. Mbegu zake huota pale udongo ulipokwanguliwa ukabaki wazi: machimbo ya chokaa yaliyoachwa, matuta ya reli, miteremko ya pwani inayomomonyoka. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba kuzungushia eneo uzio na kuondoka si kumhifadhi. Vichaka vitajaa, ua litatoweka, na kipepeo pamoja nalo. Wala tusitegemee vipepeo wageni waje kutoka kwingine, kwani wengi wao hawaendi mbali zaidi ya makumi machache ya mita.

Tukwangue viraka vidogo kwa zamu, kimoja mwaka huu, kingine mwakani, ili tusiwafukue viwavi wote waliolala. Mifugo nayo ije kupunguza nyasi, lakini isubiri viwavi washuke kwanza. Kondoo akilila ua mwezi Julai, amekula na kiwavi aliyemo ndani.