Sally Bush: Kumtafuta Mjane wa Mara Mbili Kwenye Makaratasi ya Kaunti

Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu. Waliosimama kule nyuma sogeeni, huku mbele viti vipo, msione haya.

Haya, leo nataka tumfuate mama mmoja anaitwa Sarah Bush, watu wake walimwita Sally. Wengi wenu mnamjua ila hamjui kama mnamjua, sababu ndiye yule mama wa kambo aliyemlea Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Alizaliwa Desemba 1788 hapo Elizabethtown, kaunti ya Hardin, ukitoka hapa Louisville na gari lako ni kama saa moja tu hivi, na mimi nimemchagua kwa sababu kila mara mtu akinifuata kuniuliza namna ya kutafuta ukoo kwenye makaratasi ya Marekani anakwama sehemu ile ile, anawapata mababu wanne watano hadi kule juu, lakini mabibi hawaoni, wamefutika kabisa. Sally ameolewa mara mbili na kufiwa mara mbili, amekaa Kentucky, akahamia Indiana, akafia Illinois, wakati zile sehemu zilikuwa pori linalofyekwa, na hata hivyo anaonekana. Ukielewa yeye anaonekanaje, basi na wa kwako utampata.

Siri yake ni hii. Zamani zile mwanamke wa huko akiwa na mume, kwenye makaratasi hayupo. Sheria yao waliyoitoa Uingereza ilikuwa hivi: ukishaolewa huwezi kununua shamba kwa jina lako, huwezi kumshtaki mtu peke yako, hata vyombo ulivyotoka navyo kwenu vinakuwa vya mume. Sasa mume akifa ndio jina linarudi. Mjane anaweza kununua, kuuza, kudaiwa, kwenda kortini kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo ukitafuta bibi, tafuta kwanza mumewe alikufa lini, halafu chimba hapo hapo kwenye ile miaka ya ujane. Najua inauma kusikia hivyo, mimi mwenyewe iliniuma, lakini ndivyo madaftari yalivyoandikwa.

Halafu kuna hili la majina. Sisi watu wa pwani mwanamke ni binti fulani mpaka anaingia kaburini, akiolewa asiolewe ubini wake haubadiliki. Wao wanabadilisha. Kwa hiyo Sally ni Bush kwa baba yake, ni Johnston kwa mume wa kwanza, ni Lincoln kwa wa pili, na wewe ukiwa unatafuta jina moja tu utasema alipotea mwaka 1806, kumbe yupo, amevaa jina lingine.

Mwaka huo 1806, mwezi wa Machi, akiwa na miaka 17, aliolewa na Daniel Johnston. Jamani Daniel hakuwa na kitu. Unamkuta kwenye orodha za kodi, tena kati ya walioshindwa kulipa. Mwaka 1814 akapewa kazi ya kulinda jela ya kaunti na familia ikahamia huko huko jela. Mwaka 1816 Daniel akafa, Sally ana miaka 27 na watoto watatu, Elizabeth, Matilda na John. Sasa angalieni kinachotokea, huyu mama ambaye miaka kumi yote hana jina kwenye kitabu chochote, ghafla anajitokeza ananunua kiwanja chenye kibanda cha magogo pale Elizabethtown, kwa jina lake mwenyewe, mjane. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Mwanamke aliyeachiwa madeni na mlinzi wa jela, anatafuta pa kulaza wanawe, na karani anamuandika.

Desemba 2, 1819 akaolewa na Thomas Lincoln, baba yake Abraham. Thomas alikuwa amefiwa Indiana mwaka mmoja kabla, mkewe Nancy, mama mzazi wa Abraham, alikufa Oktoba 1818 kwa ule ugonjwa wa maziwa, ng'ombe akila jani fulani la msituni lenye sumu basi maziwa yanaua. Thomas akarudi Elizabethtown moja kwa moja kwa Sally, walikuwa wanajuana toka zamani. Samuel Haycraft, ambaye alikuwa karani wa kaunti, alisimulia baadaye kwamba Sally alisema kuolewa nitaolewa ila nina vijideni vyangu kwanza, Thomas akaomba orodha akaenda kuvilipa jioni ile ile, kesho yake wakachukua kibali cha ndoa. Mnaona faida ya karani mwenye mdomo!

Nisimame hapo kwenye vibali vya ndoa sababu watu wengi wanakosea. Ndoa ya kwanza ya Thomas, ile na Nancy Hanks, watu walikuja kuitafuta Hardin wasiione, maneno yakaanza kwamba hawakufunga ndoa, na kwa Abraham akiwa rais ile ilikuwa aibu kubwa, akazikwa bado watu wanasema. Kumbe karatasi ilikuwepo muda wote, kaunti ya Washington, hapa hapa Kentucky, ya Juni 1806, kwa sababu bibi harusi alikuwa anakaa huko. Kibali kilichukuliwa kwa kina mwanamke. Hujaona ndoa ya babu yako, usikimbilie kusema hakuoa, nenda kwenye kaunti ya wakwe zake.

Na kaunti zenyewe zinazaana. Hardin ilikatwa kutoka Nelson, Spencer kule Indiana ilianza 1818, Coles ya Illinois ilianza 1830. Mtu anaweza kukaa nyumba moja bila kuhama na makaratasi yake yakawa kwenye ofisi mbili au tatu tofauti. Mashamba ya kwanza ya Indiana hata hayako kaunti, yaliuzwa na serikali kuu, Thomas alienda kuandikisha lake ofisi ya ardhi ya Vincennes mwaka 1817. Na tusisahau, nchi ile ilikuwa ya wenyeji wa asili, Wadelaware na Wapiankeshaw, waliitoa kwa mikataba mwaka 1804 na hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa.

Sasa Indiana, miaka zaidi ya kumi, Sally anazama tena. Sensa ya 1820, ya 1830, ya 1840 zote zinaandika jina la mwenye nyumba peke yake, wengine ni idadi tu, wanawake wa umri kati ya huu na huu wangapi. Sally ni tarakimu moja chini ya jina la Thomas. Sensa ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina ni ya 1850. Nasema huru kwa makusudi, kwa sababu mwaka huo huo watumwa waliandikwa kwenye fomu yao ya pembeni, umri, jinsia, rangi, jina hakuna, wamepangwa chini ya jina la anayewamiliki. Ndugu zetu weusi wa hapa Kentucky wakitafuta mabibi zao wanagonga ukuta huo, na ule wa Sally ukiuweka pembeni yake ni kizingiti tu.

Lakini katikati ya giza hilo kuna mwanga mmoja, 1829. Walikuwa wanajiandaa kuhamia Illinois, wakauza kile kiwanja cha Elizabethtown, dola 123. Mauzo kama hayo mume peke yake hakuweza kuyamaliza, sheria ilitaka mke aulizwe pembeni, mume hayupo, kama anakubali kwa hiari yake. Kwa hiyo ukipata hati ya shamba usisome juu tu ukafunga, shuka mpaka chini kabisa kwenye yale maneno ya karani, jina la bibi mara nyingi liko huko.

Thomas akafa Januari 1851 kaunti ya Coles, Sally ana miaka 62, mjane tena. Kwa sheria mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya marehemu mpaka afe, sio mali yake kuuza, ni ya kuishi nayo. Wenye kujua mirathi yetu ya Kiislamu watasema thumuni, yaani moja ya nane, sawa, lakini thumuni ni yako moja kwa moja, hii inarudi kwa warithi. Abraham, ambaye wakati huo ni wakili Springfield, akamwachia John, yule mtoto wa Sally na Daniel, ekari 80 kwa dola moja, na hati ikasema wazi haki ya mjane ibaki. Kulikuwa na ekari nyingine 40 ambazo Abraham alizinunua kwa baba yake mwaka 1841 kwa dola 200, wazee waendelee kuzitumia maisha yao. John akataka kuziuza na hizo, Abraham akamwandikia Novemba 1851 akamkatalia, akasema hizo ni za mama maadam yuko hai. Mimi barua ile nikiisoma nasahau habari za urais, naona mtoto wa kufikia anapigania mahali pa mama kula.

Na Sally akaishi miaka 18 mingine, akawazika John na Abraham wote wawili, akafa Aprili 1869.

Septemba 8, 1865 William Herndon, aliyekuwa mwenzake Abraham kwenye ofisi ya uwakili, alimfuata kule shambani kusini ya Charleston akaandika anachosema. Hii ndio karatasi ambayo mama mwenyewe anaongea, ana miaka 76. Anasema aliolewa na Johnston, akafa kama 1817 au 18, halafu akaolewa na Lincoln 1819. Mwaka wa Johnston umeteleza, alikufa 1816. Mimi kwenye daftari langu nimeandika miaka yote, ule wa kwenye kumbukumbu za kaunti na ile aliyoitaja yeye, pembeni nikaweka nani kasema. Haya, maswali, tuanze na mama pale.