Jembe ni la Nani, Hati ni ya Nani: Ekofeminismu kwa Kipimo cha Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu. Mada niliyopewa ina neno gumu, ekofeminismu. Tulimenye kwanza, kisha twende shambani.

Neno hili lilitungwa na Mfaransa Françoise d'Eaubonne mwaka 1974. Hoja yake ni kwamba mfumo unaomkandamiza mwanamke ndio huo huo unaoichakaza ardhi, kwa kuwa wote wawili huvunwa na hawalipwi. Baadaye Vandana Shiva wa India akaenda mbali zaidi: mwanamke wa kijijini, anayeshughulika na mbegu, maji na kuni kila siku, anaijua asili na kuilinda kuliko wapangaji wa maendeleo. Ubishi ukawaka. Mwaka 1992 mwanauchumi Bina Agarwal, Mhindi vilevile, akauliza: mwanamke yupi huyo? Mwenye shamba, au kibarua wake? Kwa Agarwal, uhusiano wa mtu na ardhi hutokana na kazi aliyogawiwa na mali anayoimiliki; maumbile ya kike hayahusiki. Mimi nipo upande wa Agarwal.

Chukueni Chipko, harakati ya wanavijiji wa India ya kuzuia miti isikatwe, inayotajwa kila mara mada hii inapozungumzwa. Picha maarufu ni ya kijiji cha Reni, milima ya Himalaya, mwaka 1974: wanaume hawapo, na Gaura Devi na wenzake wanawazuia wakata magogo wasiingie msituni. Picha ya kweli. Lakini mwaka mmoja nyuma yake, chanzo cha ugomvi kilikuwa kwamba wanakijiji walinyimwa miti ya kutengenezea zana za kilimo, miti hiyo hiyo ikagawiwa kampuni ya vifaa vya michezo. Suala lilikuwa nani ana haki ya mti. Mapenzi kwa mti yalikuja juu ya hapo.

Sasa Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi, na nyingi huanguka kwa kishindo na kukimbilia korongoni. Ndiyo maana wakulima wa Chololo, hapa hapa Dodoma, wakawa na mashimo ya kupandia yanayobeba jina la kijiji chao. Shimo la Chololo lina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, kutoka mstari hadi mstari ni 90, na mistari inakingama na mteremko. Udongo unaotoka unawekwa upande wa chini. Ndani unatia majivu kidogo kufukuza mchwa, samadi iliyooza, masalia ya mazao, kisha unarudisha sehemu tu ya udongo. Shimo lisijae. Nafasi inayobaki juu ndiyo bakuli la maji. Ukilisawazisha na ardhi umechimba bure.

Makosa mengine ni haya: mistari ikifuata mteremko badala ya kuukinga, mvua ya kwanza inaigeuza mifereji. Samadi mbichi inaunguza miche na kuleta magugu. Na kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, msichimbe kabisa, kwa sababu maji yatatuama na mizizi ya mtama itaoza.

Mpaka hapa mafunzo mengi ya kilimo hufunga daftari. Mimi naomba tupige hesabu. Kwa nafasi hizo, eka moja ina mashimo takriban 7,500. Kila shimo hutoa lita 11 hivi za udongo, kwa hiyo eka nzima ni zaidi ya mita za ujazo 80. Tipa la mita 7 lingezisomba kwa safari 12. Hapa tipa ni jembe. Kopo la lita moja la samadi kwa kila shimo ni ndoo 375 za lita 20. Zizi likiwa nusu kilomita kutoka shambani, na ndoo zikibebwa moja moja, kwenda na kurudi ni kilomita 375, zaidi ya safari ya kutoka hapa hadi Morogoro, nusu yake ukiwa na mzigo kichwani. Kichwani mwa nani? Baba akiwa na mkokoteni na punda, samadi huwa kazi ya baba. Mkokoteni usipokuwepo, mnajua wenyewe.

Sisemi mashimo yaachwe. Yanadumu zaidi ya msimu mmoja, na mwaka wa pili kazi inapungua sana. Ninachosema ni kwamba anayeyahimiza aanze na robo eka, mashimo 1,900 hivi, yachimbwe Agosti hadi Novemba, na kwenye bajeti aandike punda kabla ya posho za semina.

Kondoa ilitufundisha jambo la namna hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini maziwa na samadi viliondoka pamoja na ng'ombe, na ufugaji wa bandani ulipokuja baadaye, ng'ombe wa kilo 400 akawa anahitaji kilo 40 hivi za majani mabichi kila siku, pamoja na maji. Zamani ng'ombe alitembea kwenda kwenye majani. Bandani majani ndiyo yanayomfuata, yakiwa kichwani mwa mtu.

Kisiki hai, yaani kukuza upya mti kutoka kwenye kisiki kilichobaki shambani, kina kazi nyepesi zaidi. Unachagua kisiki chenye mizizi hai, unabakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unayakata kwa panga kali, na matawi ya pembeni unayapogoa hadi nusu ya urefu. Ukizidisha, chipukizi linakuwa fimbo na upepo unalilaza. Panga butu linachana gome. Vijiti vinavyokatwa ni kuni za karibu, faida ya moja kwa moja kwa anayepika. Ila mti ukikomaa hadithi hubadilika: vijiti ni vya mama, nguzo ni za baba. Na aliyekodi shamba mara nyingi hukatazwa kuotesha mti, maana mti ni dai la kudumu.

Kwa hiyo sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Shida iko siku ya kupima: mwenye kusimama mpakani na kutaja jina ni mmoja, na hati ya hakimiliki ya kimila huandikwa hivyo. Mke na mume wasimame mpakani pamoja, majina yote mawili yaingie kwenye fomu siku ile ile, kabla wapimaji hawajahamia shamba la jirani.